Amina ya Mis Verna

Sehemu ya tano: Anahamia Kesho

"Amina!"

Ndivyo alivyojibu Mis Verna mbele ya kanisa zima, na kabla neno halijapoa mdomoni, kanisa likalipuka. Makofi! Matari! Mpiga gitaa akakata uzi kwa furaha. Doña Nohemí, mama mwenye nyumba anayopanga Verna, akamrukia shingoni huku machozi yakimtiririka.

"Mwanangu! Sasa umekuwa wa kwetu kabisa!"

Na Verna Dyck, mwalimu mgeni kutoka Kanada, mwenye wiki chache tu katika mji wa San Melchor, milimani Honduras, akabaki amesimama pale mbele kama nguzo ya umeme. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Olvin, mwalimu wa hesabu, mtoto wa kiume wa Doña Nohemí. Mchungaji Eliseo alikuwa amewawekea wote wawili viganja vyake vizito kichwani, akiomba kwa sauti ya kupasua bati.

Amekubali nini? Hilo ndilo swali tuliloachana nalo wiki jana, na mwenye swali hilo kuliko wasomaji wote alikuwa Verna mwenyewe.

Maana Kihispania chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Ndiyo maana tangu alipokuja kufundisha darasa la nne katika Shule ya Kikristo ya Nuru ya Mlimani, alikuwa amejiwekea kanuni moja: popote usipoelewa, jibu "Amina." Kanuni hiyo ilikuwa imempatia supu ya utumbo asiyoitaka, zamu ya kufagia kanisa, na darasa la watoto wa Jumapili wenye meno makali. Lakini haikuwa imemshikisha mkono wa mwanamume mbele ya madhabahu.

Alijaribu kuyakumbuka maneno ya mchungaji. Aliyoyadaka yalikuwa ya kuokoteza tu. Olvin. Nyumba. Dada Verna, unakubali? Utamlisha? Utamtunza? Mpaka kifo?

Mpaka kifo!

"Mama yangu," aliwaza Verna. "Nimeolewa."

* * *

Nje ya kanisa alipokelewa kwa mikono.

"Dada Verna, hongera! Mungu akupe nguvu, maana yule anakula!" alisema mama mmoja wa kwaya.

"Usimzoeshe mkate mtamu," akaongeza mzee mmoja, amemshika kiwiko kama anamwonea huruma. "Ukimzoesha mkate mtamu, maharage hataki tena. Na akikoroma usiogope. Ana roho nzuri."

"Amina," alisema Verna, kwa sauti iliyokauka.

Akatupa jicho ng'ambo ya uwanja. Olvin alikuwa amesimama chini ya kivuli cha ukuta, akijifuta shingo kwa kitambaa. Mnene kidogo, kweli. Shati lilikuwa limembana tumboni, kifungo kimoja kikiomba msaada. Lakini alikuwa na macho mapole, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mgongoni.

Anakoroma, eti. Verna akageuza uso haraka.

Mezani kwake, Doña Nohemí alimkunjia baleada, chapati ya ngano, nene kama mto wa kulalia, maharage na jibini vikichungulia pembeni.

"Kula, mwanangu. Kuanzia kesho utahitaji nguvu."

"Kesho... nini?"

"Si ndiyo anahamia kwako! Huku kwangu mafundi wanaanza kumwaga zege, hakuna pa kumweka. Na kwako kuna ukuta mzuri."

Verna aliiweka baleada chini polepole.

"Mimi na yeye... chumba moja?"

"Wee! Chumba gani?" Doña Nohemí alicheka mpaka akashika mbavu. "Nje, mwanangu! Nje uani! Ndani usimruhusu hata akulilie mlangoni. Ukimruhusu siku moja tu, umekwisha. Atataka kitanda."

Verna alivuta pumzi. Angalau heshima ilikuwepo.

"Lakini mvua? Yeye nalala nje, mvua nakuja..."

"Anaipenda! Ukitaka kumwona ana raha, mwache kwenye tope."

Nchi ya watu, mila za watu. Mwalimu wa Kikristo hakuja kucheka wenyeji wake. Akajipa moyo, akauliza lile lililokuwa linamkaba.

"Doña Nohemí. Wewe... penda yeye?"

Macho ya mama yule yakajaa maji palepale.

"Mnene wangu!" alisema, na hilo ndilo jina alilozoea kumwita mwanawe Olvin kila asubuhi. "Nimemlea tangu anatosha kwenye boksi la viatu. Nimemnywesha maziwa kwa chupa kwa mikono yangu hii. Lakini ndiyo hivyo, mwanangu. Desemba si mbali. Siku hiyo mimi nitakwenda kwa dada yangu, nisisikie kelele."

"Desemba yeye... nakwenda wapi?"

Doña Nohemí aliinamisha kichwa, akapitisha kidole shingoni taratibu.

Rangi ikamtoka Verna usoni.

"Yeye... nakufa?"

"Desemba. Mchungaji ndiye aliyepanga tarehe."

"Yeye najua?"

"Hajui chochote, maskini! Anadhani tunampenda tu. Na wewe usimwambie!"

Mbingu zilimwangukia Verna pale mezani, baleada mbele yake. Hakuolewa tu. Ameolewa na mwanamume mgonjwa mahututi, ambaye hajui kama anakufa, katika kanisa ambalo mchungaji anawapangia watu tarehe!

* * *

Jumatatu asubuhi Verna aliingia darasani macho mekundu, na uamuzi wake ameushika kwa mikono miwili. Atamwambia Olvin ukweli. Kwa upole, kwa Kihispania, kwa upendo wa Kikristo. Ndoa ya kuonea huruma si ndoa.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya kwa kazi hiyo. Mkuu wa shule, Doña Hortensia, mke wa mchungaji, alikuwa amemwonya mapema kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

"Leo anakuja Mzee Zúniga, mwenyekiti wa bodi, kutoka Tegucigalpa. Mzee huyu walimu wa nje hawapendi. Anasema hawadumu, wanaanza kulia kabla mvua haijaisha. Uamuzi wa wewe kubaki au kurudi Kanada ni wake, na anautoa leo. Kwa hiyo nakuomba, Verna, leo pasitokee kitu."

"Hakitatokea," Verna aliahidi.

Darasa la nne lilikuwa na kelele za soko. Verna akapiga meza, akakusanya Kihispania chake chote.

"Watoto! Fungua midomo!"

Alitaka kusema funga. Darasa zima likafungua midomo. Likakaa hivyo, midomo wazi kama vifaranga, wakimtazama wakisubiri awape kitu. Wa nyuma akatoa na ulimi.

"Basi, basi," Verna alisema, masikio yakimwaka. "Leo tuna zoezi. Mimi nasema Kiingereza, nyinyi nafundisha mimi Kihispania. Sentensi ya kwanza." Akaandika ubaoni kwa Kiingereza: *Siwezi kuolewa na wewe, lakini nitakuombea.*

Darasa likanyamaza. Tangu shule ifunguliwe halikuwa limenyamaza hivyo.

Keren Bustillo, binti mwenye akili kuliko wote na mdomo kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mis, unamwambia nani?"

"Hapana mtu. Zoezi."

"Ni Profesa Olvin?"

Na hapa, wasomaji wangu, kanuni ikamponza. Kwa mazoea tu, kwa hofu tu, mdomo wa Verna ukafunguka wenyewe.

"Amina."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Keren alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Kabla Verna hajamaliza kufuta ubao, mpishi alishajua. Mama anayekaanga ndizi getini alishajua, na alikuwa anawaongezea wateja habari hiyo juu ya ndizi, bure. Darasa la sita lilikuwa limeshatunga wimbo.

* * *

Olvin aliingia darasani bila kubisha. Chaki ilikuwa imemchafua mpaka kwenye nyusi.

"Mis Verna. Naomba niulize jambo. Ni kweli umenikataa?"

Verna aliinuka.

"Olvin, mimi sikitika sana. Wewe mtu mzuri. Hesabu yako mzuri. Lakini ndoa, mimi hapana weza."

"Mbona sijakuomba?" alisema Olvin, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mtu anakataliwa akiomba, dada yangu! Mimi nimekataliwa nikiwa nafundisha hesabu za sehemu! Watoto wameniimbia dirishani!"

"Najua uchungu. Na juu ya kifo yako, mimi naombea kila siku."

Olvin alikaa kwenye dawati la mtoto. Dawati likalia.

"Kifo changu?"

"Desemba," alisema Verna, na hapo machozi yakamtoka. Alikuwa ameambiwa asiseme, lakini mtu ana haki ya kujua. "Samahani. Wewe takufa Desemba."

"Nani amesema?"

"Mama yako."

"MAMA?"

"Na mchungaji panga tarehe."

Olvin alishika kifua. Kisha akashika tumbo. Kisha, polepole, uso wake ukaanza kuonyesha mtu anayejumlisha namba na jibu linatoka lilelile.

"Ndiyo maana," alinong'ona. "Ndiyo maana wiki nzima amenipikia kuku! Na juzi kaniuliza suti yangu ya bluu kama bado inanitosha! Nikadhani ni mambo ya sherehe ya shule! Mis Verna, na kiungulia changu hiki nilichonacho tangu Alhamisi?"

"Pole sana," alisema Verna, akamshika mkono.

"Mimi bado kijana," alisema Olvin. "Sijafika hata baharini."

Hivyo ndivyo Doña Hortensia alivyowakuta: mwalimu mgeni na mwalimu wa hesabu, wameshikana mikono kwenye dawati la darasa la nne, wanalia.

"Mzee Zúniga ameshafika, yuko kanisani anaimbiwa na darasa la kwanza," alisema. "Na ninyi mna nini?"

Verna alimweleza yote kwa Kiingereza, bila kuvuta pumzi: madhabahu, mikono, kumlisha na kumtunza mpaka kifo, Desemba, kidole shingoni. Doña Hortensia alisikiliza. Katikati alilazimika kushika fremu ya mlango.

"Verna. Ulichokubali jana ni nguruwe."

"Nguruwe?"

"Nguruwe. Anaitwa Salomón. Tunamnenepesha kwa ajili ya sherehe ya shule ya Desemba. Alikuwa anafugwa kwa kina Olvin, na wao wanajenga, kwa hiyo Eliseo akauliza nani atampokea. Kanisa zima liliangalia chini. Wewe ukasema Amina."

"Na mkono wa Olvin?"

"Alikuwa anakukabidhi nguruwe."

Verna alifunga macho. Yote yakajipanga: tope, mkoromo, boksi la viatu. Alikuwa amekesha akiomboleza kitimoto.

Olvin alimtazama mkuu wa shule kama mtu aliye kizimbani.

"Kwa hiyo mimi sifi?"

"Utakufa, Olvin, ila Desemba una mitihani ya kusahihisha."

"Na suti ya bluu?"

"Mama yako anataka kumpa binamu yako."

Furaha haikupata nafasi ya kukaa. Nje palisikika ukelele ambao shule nzima iliusikia.

"MNENE AMETOROKAAA!"

Doña Nohemí alipita mbele ya dirisha anakimbia, sketi ameikusanya mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kamba isiyo na kitu.

"Ameelekea wapi?" alipiga kelele Olvin.

Doña Nohemí alinyoosha kidole tu.

Kanisani.

* * *

Mzee Anselmo Zúniga, mwenyekiti wa bodi, alikuwa amekaa kiti cha mbele, fimbo kati ya magoti, akisikiliza wimbo wa makaribisho kwa uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mbele yake palikuwa na meza ya heshima: kitambaa cheupe mpaka chini, kahawa, na sinia la visheti vya mahindi na jibini, mlima mzima.

Salomón aliingia kwa mlango wa pembeni. Alikuwa mkubwa kuliko Verna alivyofikiria nguruwe wa kanisa anaweza kuwa. Mweusi, masikio yameanguka machoni, anatembea kwa utulivu kama mshirika aliyechelewa. Akanusa hewa. Akaenda moja kwa moja chini ya meza.

Darasa la kwanza liliendelea kuimba. Ni watoto wenye nidhamu.

Meza ikainuka.

Kahawa ikamwagika, visheti vikatawanyika, sinia likaenda likilia mpaka kwenye ngoma. Salomón akatokea upande wa pili akiwa amevaa kitambaa cha meza kichwani, kirefu, cheupe, kinaburuza nyuma. Akashuka njia ya katikati ya kanisa taratibu, na kisheti mdomoni.

"Bibi harusi!" alipiga kelele mtoto mmoja, na hapo nidhamu ikaisha.

Watoto huku, watoto kule. Mchungaji Eliseo alijirusha, akapata kitambaa, nguruwe akabaki. Olvin akamvamia kutoka kulia. Salomón akampita katikati ya miguu, na kile kifungo cha shati kilichokuwa kinaomba msaada kikaruka mpaka dirishani. Doña Nohemí alikuwa analia, "Msimuumize! Msimuumize mnene wangu!" huku akimchapa mchungaji kwa kamba bila kujua.

Salomón akageuka. Akamwona Mzee Zúniga, ambaye goti lake lilikuwa limefunikwa na makombo ya visheti. Akaanza kumwendea.

Mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa mwenye mvi, akapanda juu ya kiti. Kisha juu ya kinanda. Kinanda kikapiga sauti zake zote mara moja.

"Mwondoeni!" alinguruma kutoka kule juu. "Mwondoeni huyu, la sivyo nafunga shule!"

Verna alikuwa amesimama mlangoni.

Hapa kuna jambo ambalo Verna hakuwa amemwambia mtu yeyote San Melchor. Katika barua zake za kuomba kazi aliandika kwamba alikulia "mashambani." Hakusema shamba la nini. Baba yake, kule Manitoba, alifuga nguruwe. Mabanda kwa mabanda ya nguruwe. Verna alikuwa ameamka utotoni mwake wote kwa harufu yao, ameenda shule na harufu yao, na ibadani watoto wenzake walikuwa wakimwachia benchi zima peke yake. Alipoitikia wito wa kwenda kufundisha mbali, wito ulikuwa wa kweli, lakini ndani yake mlikuwa na wito mwingine mdogo: mahali popote, Bwana, pasipo na nguruwe.

Alimtazama Salomón. Alimtazama mzee juu ya kinanda. Akavua viatu.

Kisha akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba imo ndani ya mwalimu yule mwembamba wa kunong'ona Amina.

"TIIIG! Tig-tig-tig-tig-TIIIIIIG!"

Bati la kanisa lilitetemeka. Kanisa likaganda. Mchungaji akiwa bado chini, kitambaa kifuani, akasema "Yesu wangu."

Salomón akasimama. Masikio yakainuka. Akageuka, akamtazama Verna kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani katika mji wa ugenini.

"Tig-tig," alisema Verna, sasa kwa upole, amechuchumaa. "Njoo, baba. Njoo hapa."

Na nguruwe akaja. Alikuja mbio ndogo za aibu, akaweka pua yake yenye makombo kwenye mapaja ya Verna. Verna akamkuna nyuma ya sikio, mahali palepale panapotakiwa, na Salomón akaanguka ubavu, pwaa, akanyoosha miguu, akaguna kwa raha. Verna akampitishia kamba kifuani, akafunga fundo moja la haraka, akasimama.

Alikuwa na visheti kwenye nywele. Alikuwa ananuka kile alichokikimbia nchi kwa nchi. Akageuka kumkabili Mzee Zúniga, tayari kuambiwa akafungashe.

Mzee alishuka kutoka kwenye kinanda, noti moja moja. Alimtazama nguruwe. Alimtazama Verna, miguu yake isiyo na viatu, fundo lake.

"Mkuu wa shule," alisema. "Huyu ndiye yule mwalimu mgeni?"

"Ndiye, Mzee," alijibu Doña Hortensia kwa sauti ndogo.

"Waliomtangulia wote walikuwa wanalia. Mmoja alimlilia mjusi." Alijikung'uta makombo. "Huyu abaki. Kama anaweza hivi na huyu, darasa la nne halimsumbui. Binti, umenisikia? Utabaki nasi?"

Alikuwa amesema haraka, kama wazee wa Tegucigalpa wanavyosema, bila kumhurumia mgeni. Na Verna aligundua kitu kilichomfanya ashike kamba kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameelewa. Kila neno.

"Ndiyo, Mzee," alisema. "Mimi nabaki hapa. Asante."

Kanisa likalipuka kwa mara ya pili ndani ya siku mbili, na safari hii Verna alijua kwa nini. Doña Nohemí alimkumbatia yeye na nguruwe kwa pamoja. Keren Bustillo alisimama juu ya benchi akitangaza kwamba huyo ndiye Mis wake, darasa lake, na kwamba darasa la sita lina mwalimu wa kawaida tu.

* * *

Walimtoa Salomón mpaka getini, Verna mbele na kamba, Olvin pembeni akiwa ameshika shati lake lisifunguke, nusu ya shule nyuma yao. Mzee Zúniga naye alifuata kwa fimbo yake, ameshika kisheti kilichosalimika.

"Mis Verna," alisema Olvin kwa sauti ya chini. "Swali moja tu. Lile jambo la asubuhi. Ulinikataa kwa sababu ulidhani nakufa, au ulinikataa mimi mwenyewe?"

Verna alijikuta anatabasamu. Alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakulitafuta kwa hofu.

"Mimi nilikataa mtu nakoroma uani," alisema. "Wewe, mimi bado hapana jibu. Wewe hapana omba."

Olvin alisimama kama aliyepigwa na radi. Akaliachia shati. Akafungua mdomo wake aombe...

Honi!

Pikapu nyeupe yenye matope mpaka kwenye vioo ilifunga breki mbele ya geti. Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke kijana, mrefu, mashavu mekundu kwa jua, soksi ndani ya kandambili, anaburuta sanduku kubwa lililofungwa kwa mkanda. Akautazama umati ule, mwalimu peku, nguruwe, mzee mwenye kisheti. Hakushtuka. Akatabasamu.

"Mungu awabariki, ndugu zangu!" alisema, kwa Kihispania kitamu kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. "Poleni sana kwa kuwasubirisha. Nilipigwa na homa nyumbani, nikatuma ujumbe kwamba nitachelewa, sijui kama uliwafikia. Lakini nimefika! Mimi ni Verna Dyck, kutoka Manitoba, Kanada. Mwalimu wenu wa darasa la nne."

Mama wa ndizi aliacha mafuta yaungue.

Doña Hortensia alimtazama mgeni. Akamtazama Verna. Akamtazama mgeni tena, na mkono wake ukapanda mdomoni polepole, kama mtu aliyekumbuka ujumbe fulani wakati amekwisha chelewa.

Verna wetu akaivuta kamba karibu na kifua.

Mzee Zúniga alimeza kisheti chake. Akasogea mbele, akainua fimbo, akaielekeza kwanza kwa yule mwenye sanduku, kisha taratibu akaigeuza mpaka ikamfikia yule mwenye visheti kwenye nywele.

"Basi naomba mtu mmoja anieleze," alisema. "Kama huyu ndiye Verna Dyck, huyu tuliyempa nguruwe ni nani?"